Tuwajue wanyama wetu: Kongoni, mkimbiaji wa mbugani

Ndugu msomaji, tuseme uko machungani. Ng'ombe wako wanakula polepole. Mara unaona ndama wa kongoni. Amelala peke yake ndani ya majani. Hasogei wala halii. Mama yake haonekani. Je, utamchukua umpeleke nyumbani? Au utamwacha?

Usijibu upesi. Kwanza tumjue mama yake. Mwishoni tutarudi kwa ndama huyu.

KONGONI NI MNYAMA GANI?

Kongoni ni mnyama wa porini mwenye kwato. Ukwato wake umepasuka katikati kama wa ng'ombe. Hula majani, kisha hupumzika na kucheua. Kwa hiyo yeye ni wa jamii moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ndugu zake wa karibu zaidi ni nyumbu na nyamera.

Kumtambua si kazi ngumu. Uso wake ni mrefu na mwembamba. Mabega yake yako juu, na mgongo unateremka kuelekea mkiani. Rangi yake ni kahawia hafifu. Dume ana pembe, na jike pia ana pembe. Pembe hizo huenda kando, moja kushoto na moja kulia. Halafu hupinda kwenda juu, kama usukani wa baiskeli. Kongoni mkubwa huweza kufika uzito wa kilo 120 na zaidi.

Tanzania ina kongoni wa aina mbili. Wa kwanza hukaa upande wa kaskazini, kama vile Serengeti na Tarangire. Wa pili huitwa pia konzi. Huyu hukaa katika nchi ya miombo, kama vile Ruaha na Rungwa. Sisi wa nchi ya kati tuko baina yao. Kaskazini, huko Kondoa, kuna Pori la Akiba la Mkungunero. Pori hilo limepakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970. Kusini magharibi, huko Manyoni, kuna mapori ya Kizigo na Muhesi.

MBIO ZAKE

Kongoni ana miguu mirefu na myembamba. Akishtuka, huweza kukimbia kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa basi kwenye barabara nzuri. Hakuna binadamu awezaye kumfikia.

Adui zake ni simba, fisi, chui, duma na mbwa mwitu. Lakini kongoni hategemei mbio peke yake. Hutumia macho pia. Mara nyingi utamwona mmoja amesimama juu ya kichuguu, anatazama mbali. Huyo ni kama mlinzi wa sungusungu. Akiona hatari hukoroma kwa pua, na wenzake husikia.

Dume mwenye nguvu huwa na eneo lake. Huweka mipaka kwa marundo ya mavi. Dume mwingine akiingia, hupigana. Hupiga magoti chini na kusukumana kwa pembe.

CHAKULA CHA KIANGAZI

Jambo la ajabu kwa kongoni si mbio tu. Ni chakula chake. Yeye hula majani ya ardhini karibu peke yake. Majani ya miti hula kwa nadra sana.

Nchi yetu ya Dodoma tunaijua. Mvua huanza mwezi wa Desemba na huisha mwezi wa Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya ukame. Majani hukauka, hubaki mashina magumu. Wakati huo wanyama wengi hukonda. Lakini kongoni ana mdomo mrefu na mwembamba. Huuingiza katikati ya mashina makavu na kuchagua majani machache yenye uhai. Tumbo lake pia husaga vizuri majani makavu. Kiangazi kikizidi, hushuka kwenye mbuga za udongo mweusi. Huko unyevu hukawia kukauka.

Kwa hiyo maisha ya kongoni ni majani ya kiangazi. Majani hayo ndiyo pia maisha ya ng'ombe wetu.

MBIO HAZITOSHI

Huko Afrika ya Kaskazini waliishi kongoni wa aina nyingine. Nao walikuwa na mbio. Watu waliwawinda kwa bunduki, mwaka hadi mwaka. Leo hakuna hata mmoja. Waliisha kabisa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita.

Sisi je? Katika nchi ya Tarangire, wataalamu wameona kwamba kongoni wamepungua. Sababu ni kazi za mikono yetu. Tuzitazame tatu.

Kwanza ni waya. Mtego wa waya haukimbizi mnyama. Humngoja njiani. Kadiri kongoni anavyokwenda mbio, ndivyo waya unavyomkaza. Tena waya hauchagui. Huweza kunasa ndama wa jirani yako au mbwa wako.

Pili ni moto. Ni kweli kwamba baada ya moto huchipua majani mabichi, na kongoni huyapenda. Lakini moto wa ovyo katikati ya kiangazi ni hasara. Mvua iko mbali. Ardhi hubaki tupu, na upepo huchukua udongo. Kongoni hana chakula, na ng'ombe wako pia hana.

Tatu ni kulima na kulisha kila mahali bila mpango. Mashamba yakiziba njia za wanyama, hawapati mahali pa kupita kwenda kwenye maji na majani.

MAJANI HUWEZA KURUDI

Je, majani yakishaisha, ndiyo basi? Hapana. Wazee wa Kondoa ni mashahidi. Zamani sehemu kubwa ya ardhi yao iligeuka makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika zaidi. Kwa wafugaji lilikuwa jambo zito. Lakini majani na miti vilirudi mahali palipokuwa uchi.

Si lazima tungoje kufika huko. Kijiji huweza kukaa katika mkutano na kutenga ardhi: hapa kulima, hapa kuchunga, hapa akiba ya kiangazi. Wasukuma wana desturi hiyo tangu zamani, nao huiita ngitili. Kijiji huweza pia kuweka sheria ndogo za moto. Akiba hiyo ni ya ng'ombe. Lakini kijiji kinacholinda majani hufanya kazi mbili kwa mkono mmoja.

TURUDI KWA NDAMA

Sasa tumjibu yule mchungaji. Kongoni hubeba mimba kwa muda wa miezi minane hivi. Huzaa ndama mmoja tu. Kabla ya kuzaa, hujitenga na kundi. Siku za mwanzo ndama hawezi kukimbia kama wakubwa. Kwa hiyo hulala katika majani kwa muda wa wiki mbili hivi. Hutulia kimya ili fisi asimwone. Mama hukaa mbali kidogo, halafu huja kumnyonyesha.

Kwa hiyo ndama uliyemwona hakutupwa. Amefichwa. Mama yake anakutazama na anangoja uondoke. Ukimchukua, umemnyang'anya mama yake, naye huenda akafa mikononi mwako. Tena, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukamata au kuwinda mnyama wa porini bila kibali ni kosa.

Mwache alale. Ondoa mbwa wako. Geuza ng'ombe wako wapite kando. Ndama huyo bado hana mbio. Ana majani tu ya kumficha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mama kongoni humwacha ndama wake peke yake?
2. Kongoni huponaje wakati wa kiangazi?
3. Je, kijiji chenu kimetenga majani ya kiangazi? Wapi? Nani anayalinda?