Tunapanda Sana, Nani Anaitunza Mikubwa?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Karatu, nikapita shule ya msingi niliyosoma. Mjakaranda wa pale uwanjani, ule tuliokuwa tunaukimbilia wakati wa mapumziko, umegawanyika panda mbili kubwa, na kwenye panda kuna ufa unaoingiza vidole. Mtu mwenye nia njema ameuzungushia senyenge ili usiachane. Senyenge imeshazama ndani ya gome.

Nikamwamkia mzee mlinzi, nikamwuliza kulikoni. "Mwanangu, wengine wanataka ukatwe, wengine wanasema Mungu atausimamia. Mpaka leo hakuna aliyeshinda." Na watoto bado wanakaa chini yake.

Wanachuo wenzangu, kuna njia ya tatu. Panda ya namna ile huwa dhaifu kwa sababu magome ya pande mbili yamebanana katikati, hivyo mbao haikushikana. Upepo ukipiga, kila upande unavuta kwake. Fundi wa miti hufunga kebo ya chuma juu, kama theluthi mbili ya urefu kutoka kwenye panda kwenda kileleni, ili pande zisiachane. Pale penye ufa hupitisha nondo na kuibana kwa nati huku na huku.

Utasema, jamani, mti unatobolewa? Ndiyo. Tundu dogo mti wenye afya unaweza kulizungushia mbao mpya. Kinachoua ni senyenge ya kuzungushia: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia ndani ya gome, na ukilinyonga gome, mizizi inalala njaa.

Wala wazo lenyewe si geni. Mgomba ukibeba mkungu mzito, mama zetu huuegemeza kwa mti wa panda. Hawaukati, wala hawauachi uanguke.

Sisemi kila mti ufungwe. Mgunga ukianguka msitu wa Lerai, ndani ya kreta ya Ngorongoro, acha ulale. Mchwa na ndege watautumia. Tunafunga pale watu wanapokaa. Na kebo si muujiza. Kule Amsterdam, mti ambao Anne Frank aliuandika kwenye shajara yake uliwekewa fremu ya chuma mwaka 2008, lakini Agosti 2010 dhoruba ikauangusha. Ulikuwa umeugua na kuoza. Mti uliooza shina ukatwe tu, bila huruma. Uliofungwa nao ukaguliwe kila mwaka, maana unakua na vyuma vinachoka.

Sasa tujiangalie. Kila halmashauri ina lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, na sisi siku ya kupanda tunajaa kwenye basi, tunapiga selfi, tunarudi. Mche uliopandwa jana utatoa kivuli baada ya miaka mingi. Mjakaranda ule unatoa leo, na leo hiihii unaweza kuua mtoto.

Naomba serikali yetu ya wanafunzi mwaka huu itenge basi moja tu kwa ajili ya wenzetu wanaosoma misitu, wakague miti mikubwa mashuleni: upi ufungwe, upi ukatwe, upi uachwe. Mwalimu mkuu amekubali kuhamisha mabenchi. Anachongoja ni mtu wa kumwambia la kufanya na mti.