Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru: Utafiti usiwe butura

Ndugu Makamu Mkuu wa Taasisi,

Nakuandikia kutoka Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huku ambako nchi inaishia Mto Kagera na ng'ambo ni Rwanda na Uganda. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa sekondari. Nikifika mada ya maji sihitaji kuchora ubaoni, maana nusu ya darasa imeamkia bondeni na dumu kichwani. Kwetu nyumba ziko mgongoni mwa vilima, na maji yako chini.

Mwaka 2015 niliwasomea wanafunzi wangu habari ya Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi yenu, aliyekuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alipewa pauni 25,000 kwa chujio lake la maji la nano. Kilichowagusa hakikuwa hizo pauni. Kiliwagusa kisa cha mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliyeyajua magonjwa ya maji kwao kabla ya kuyasoma kitabuni.

Tangu hapo sayansi ya nano nimeifundisha kwa kisu na kipande cha sabuni. Kipande chenye upande wa sentimita 1 kina uso wa sentimita za mraba 6. Kikate katikati, nyuso zinaongezeka. Kata tena, zinaongezeka tena. Kama ungeweza kukata mpaka kila chembe iwe na upande wa nanomita 1, nyuso zote zikijumlishwa zingefika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira, kutoka kipande kinachotoshea kwenye kiganja cha mtoto. Hapo ndipo wanaelewa kwa nini floridi, iliyoyeyuka majini na kupenya mchanga bila shida, inaweza kunaswa: inagandia kwenye nyuso hizo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Chujio lile lilisifiwa kwa sababu halikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kila mahali. Mchanga unachuja taka, kisha kemikali za nano zinachaguliwa kufuatana na kilichomo katika maji ya eneo husika. Arusha mnapambana na floridi itokayo kwenye miamba ya volkano, ile inayowapaka watu meno rangi ya kahawia. Huku kwetu shida ya meno hayo hatuna. Tuna vijito vinavyogeuka tope mvua zikianza, maji ya mvua ya paa la bati yanayoingia tenkini na vumbi la kiangazi kizima, na wachimbaji wadogo wa madini ya bati wanaochekecha mchanga wao kwenye maji. Katika sehemu nyingi duniani miamba ya bati huandamana na arseniki. Je, na yetu? Mwalimu hajibu swali kama hilo kwa kukisia, na chujio lililoundwa kwa ajili ya Arumeru halitamjibia.

Kuna neno la Kagera ambalo huenda Tengeru halijafika: butura. Ni mfanyabiashara kumlipa mkulima mwenye shida kahawa ikingali mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakikomaa, mwenye shamba anabaki kuangalia. Serikali imeipiga vita butura ya kahawa. Butura ya utafiti bado ipo.

Miaka kadhaa iliyopita walifika watafiti wa chuo ambacho sitakitaja. Mzee jirani yangu aliwapeleka chemchemi moja baada ya nyingine, akawaonyesha ipi hubadilika rangi masika na ipi ng'ombe huikataa. Mkewe aliwapikia ndizi. Walijaza chupa, wakaziandika namba, mzee akatia dole gumba kwenye fomu, wakaondoka. Hadi leo tukikutana njiani, baada ya salamu ananiuliza: "Mwalimu, yale maji yetu yalisemaje?"

Mzee yule si mtu wa kuchukuliwa kama mbeba chupa. Anatoka Karagwe ya mfalme Rumanyika, ambako hazina ya kifalme pale Bweranyange ilikuwa na sanamu za ng'ombe na nyundo, zote za chuma, kazi ya wahunzi waliojua jiwe lipi hutoa chuma na lipi halitoi. Kuzijua tabia za vitu vya ardhini hakukuanzia maabara.

Kwa hiyo naomba haya. Mwanafunzi wenu mmoja wa uzamivu akae kwetu mwaka mzima, vuli, masika na kiangazi, kwa sababu chupa iliyojazwa Julai haijui habari za Aprili. Apangishe chumba kijijini, achote maji tunakochota, na Ijumaa moja moja aje darasani kwangu. Majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kabla hayajaenda kwenye jarida lolote. Na chujio likipatikana, afundishwe fundi wa Nkwenda au Kayanga namna ya kulisafisha na kubadilisha vilivyochoka, lisije likageuka kuwa pipa la kuhifadhia maharage.

Kutoka Tengeru hadi huku ni mbali, nalijua hilo. Lakini chupa za wale watafiti zilisafiri. Majibu yake nayo yangeweza kupanda basi.

Mzee bado anauliza. Nimechoka kumjibu "tusubiri".

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sekondari, Kyerwa