Mgema Asiye na Mwenzake

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Historia ya bia nchini Marekani yatufunza jambo la pili: mgema akiachwa peke yake, hulitia maji hata asiposifiwa.

Husemwa mara nyingi kwamba Wamarekani wenyewe ndio waliotaka bia nyepesi isiyo na uchungu, na kwamba wenye viwanda waliwatii tu. Sisi hatukubali kwamba huo ndio ukweli wote.

Mwaka 1873 nchi hiyo ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000. Wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wameleta laga, nayo ikaishinda bia ya Kiingereza. Ni kweli kwamba shayiri ya huko, yenye protini nyingi, iliwafanya watengenezaji wachanganye mahindi au mchele ili bia isiwe na ukungu, na wanywaji wakaipenda. Lakini walikuwa bado na hiari. Hiari hiyo iliondolewa na marufuku ya vileo, iliyodumu tangu 1920 hadi 1933. Viwanda vingi vidogo vilikufa. Baadhi ya vikubwa viliponea kwa kuuza barafu, aiskrimu na sharubati ya kimea. Baadaye wenye nguvu wakawameza wanyonge, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda havikufika 100, na bia zao zilikaribia kuwa na ladha moja. Mtu atachaguaje kisichokuwapo dukani?

Mlango ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1976 Bunge lilipunguza kodi ya viwanda vidogo, kutoka dola 9 hadi dola 7 kwa pipa, kwa mapipa 60,000 ya kwanza. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu raia kupika bia nyumbani kwa matumizi yao. Miongoni mwa wapishi wa nyumbani alikuwapo Ken Grossman, ambaye mwaka 1980 alishiriki kuanzisha Sierra Nevada huko California. Bia yake ilitiwa maua ya hopsi aina ya Cascade, yenye uchungu na harufu kama ya balungi, mbegu iliyotokana na utafiti wa serikali huko Oregon. Mnywaji aliyedaiwa kuuchukia uchungu akautafuta mwenyewe. Leo viwanda ni zaidi ya 9,000.

Hatuandiki haya kusifu ulevi, ambao madhara yake yafahamika. Tunalosema ni kwamba ladha ya watu haijulikani mpaka wapewe nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo haijilindi yenyewe. Mwaka 2008 InBev iliinunua Anheuser-Busch kwa dola bilioni 52, na mwaka 2023 kiwanda cha Anchor cha San Francisco, ambacho Fritz Maytag alikiokoa mwaka 1965, kilisimamisha kazi.

Basi tunaposikia mfanyabiashara mkubwa akisema kwamba wateja hawataki kingine, yafaa tumwulize kwanza: kingine hicho kiko wapi?