Bunduki ya marehemu haitumwi kwa basi

Matanga yalipoisha, familia moja ya Nkwenda wilayani Kyerwa ilikaa sebuleni kugawana vitu vya baba. Hapakuwa na ubishi mkubwa. Shamba la migomba na kahawa lilibaki mikononi mwa mama, baiskeli akapewa mjukuu wa kwanza, redio akachukua kitinda mimba. Kikao kilikuwa kinakaribia kufungwa mama alipoingia chumbani na kurudi na kitu kirefu kilichofungwa kwa khanga kuukuu.

Ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja, imechorwa jina la Greener na la mji wa Birmingham, Uingereza. Baba aliinunua kihalali miaka ambayo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, ili kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Sasa kitako kilikuwa na ufa, na wenzo wa kuifungulia, ulio chini ya triga, ulikuwa umekwama tangu mwaka juzi.

"Baba yenu alitaka itengenezwe," mama alisema. "Alikufa akiwa anatafuta fundi. Sitaki ikae hivi hivi."

Mawazo yakaanza kumwagika. Kitinda mimba alisema yupo fundi wa kuchomelea pale Omurushaka ambaye hakuna chuma kinachomshinda. Hakusema ajabu, kwa sababu Karagwe ni nchi ya wahunzi tangu enzi za watawala wa Bweranyange, na watu wake bado wana imani na mtu wa nyundo na moto. Mkwe wa familia akasema kuna fundi mzuri zaidi ng'ambo ya mto, Kikagati. Ni kuvuka tu pale Murongo asubuhi na kurudi jioni.

Kaka mkubwa, aliyekuwa kwenye simu kutoka Marekani, akawacheka wote. "Huku bunduki ikiharibika unaipakia kwenye boksi, unaituma kiwandani. Wakimaliza wanakurudishia mpaka mlangoni. Ipakieni kwenye basi ifike Dar es Salaam, mimi nitamtafuta wakala wa kuituma Uingereza."

Kaka hakudanganya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inamruhusu mwenye silaha halali kuituma kwa mtengenezaji ikarekebishwe, na mtengenezaji anaruhusiwa kuirudisha moja kwa moja kwa mwenyewe. Lakini sheria ya kule haivuki bahari pamoja na simu.

Dada mtu, ambaye ni mwalimu, alikuwa kimya muda wote. Akauliza swali moja tu: "Leseni ina jina la nani?"

Mama akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na kitabu cha leseni, risiti za kila mwaka, na karatasi ya uhakiki wa silaha uliofanyika nchini mwaka 2016. Kila karatasi ilikuwa na jina la marehemu.

Baba mdogo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji, akavuta kiti mbele. "Wanangu, hapo ndipo penye shida. Shamba ni la ukoo. Bunduki haikuwa ya ukoo hata siku moja. Ilikuwa ya kaka yangu peke yake, na kibali chake kimezikwa naye. Tangu tulipotoka makaburini, humu ndani hakuna mtu mwenye haki ya kuishika."

"Kwa hiyo mimi ni mhalifu, shemeji?" mama aliuliza, na sauti yake ikatetemeka.

"Hapana, waitu. Wewe ni mjane. Lakini tukiipeleka Omurushaka, au tukivuka nayo Murongo, hapo tutakuwa tumejitafutia makosa wenyewe."

Mzee huyo alikuwa sahihi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila anayemiliki silaha awe na leseni yake mwenyewe, na anayetengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Kuchomelea mageti si leseni ya kutengeneza bunduki. Kuvuka nayo mpaka bila kibali ni kuingiza silaha nchi nyingine, hata kama ng'ambo ni kwa shangazi. Tanzania na Uganda zote zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, na ukanda wa mto Kagera, uliopitiwa na vita vya 1978 na 1979 kisha wimbi la wakimbizi la mwaka 1994, unajua vizuri kwa nini.

Njia ya basi nayo ina hatari zake. Kifurushi kikikaguliwa njiani, swali la kwanza litaulizwa kwa aliyekituma, na la pili kwa dereva asiyejua chochote. Posta si jibu pia, na risasi ni miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vifurushi vya posta za dunia nzima. Mwenye leseni hai akitaka kweli kuirudisha silaha kiwandani nje ya nchi, huanzia polisi, kwa Msajili wa Silaha, apate kibali cha kuitoa. Kisha kinahitajika kibali cha nchi inakokwenda, na kazi ya kuisafirisha hufanywa na mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Ni safari ndefu yenye gharama, na mara nyingi gharama hizo huipita thamani ya bunduki yenyewe.

Kwa bunduki ya Nkwenda, hata hiyo safari isingekuwa na mwisho. Kampuni ya Greener ya zamani ilinunuliwa na Webley & Scott mwaka 1965, nayo Webley & Scott ikaacha kutengeneza bunduki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda ambacho kaka alitaka kiipokee hakipo tena.

Kuna sababu nyingine ya kumwogopa fundi asiyesomea silaha. Mtutu hubeba mlipuko, na moto wa kuchomelea unaweza kulegeza chuma pasipoonekana kwa macho. Ndiyo maana kule Birmingham, tangu mwaka 1813, ipo nyumba maalumu ya kuijaribu mitutu kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya kuigonga muhuri. Isitoshe, shotigani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa risasi za milimita 65, wakati nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Hiyo ndefu inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba fupi, lakini ikifyatuliwa, mgandamizo hupanda na bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Baba mdogo alimpigia mwenyekiti wa kijiji, naye akawaita polisi. Askari wawili walifika kabla ya jioni. Hawakufoka. Waliandika namba ya silaha, wakampa mama stakabadhi, wakaondoka nayo. Dada na baba mdogo walifuata nyuma na bahasha ya karatasi.

Kituoni, askari wa ghala la silaha aliitazama bunduki, akauliza kama kuna mtu aliyejaribu kuufungua ule wenzo. Dada akasema hapana. Askari akaenda nayo peke yake nyuma ya jengo, penye rundo la mchanga, akawaomba wote wabaki mbali. Ilimchukua muda. Aliporudi, alikuwa na risasi kiganjani.

"Ilikuwa ndani," alisema.

Dada alipomweleza mama usiku ule, mama alikaa chini bila kusema neno. Wiki ileile ya msiba alikuwa amemtuma mjukuu, yule aliyepewa baiskeli, aitoe bunduki chini ya kitanda aisimamishe nyuma ya mlango. Mtoto aliibeba begani huku akiimba.

Mirathi ilipofika mahakama ya mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo ulieleza kwamba hakuna mtoto atakayeomba leseni, na silaha ibaki mikononi mwa polisi moja kwa moja. Mrithi anayeitaka anaruhusiwa kuomba, lakini huanza upya kama mtu mwingine yeyote, kupitia serikali ya kijiji, kata, wilaya na mkoa. Na kwa wale wenye silaha zisizo na karatasi kabisa, yakiwemo magobore yaliyofichwa darini, serikali imewahi kutoa misamaha ya kuzisalimisha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023. Heri kuutumia msamaha kuliko kungoja msako.

Nguruwe pori hawajaacha kuja. Majirani sasa wanalinda kwa zamu, na habari za uharibifu zinapelekwa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Kabla ya kuondoka siku ile, askari mmoja aliufungua mkanda wa ngozi uliokuwa kwenye bunduki, akamkabidhi mama. "Huu si silaha, mama. Kaa nao." Umetundikwa kwenye msumari karibu na picha ya baba, na mjukuu anaruhusiwa kuugusa.