Dakika kumi za kimya ni sehemu ya kazi ya shamba

IFIKAPO Novemba, mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia huwa na mengi kichwani. Mahindi hayajakauka vyema, mawingu yanatanda, deni la mbolea halijalipwa na Januari shule zitafunguliwa. Simu nayo haitulii: mara ni dalali anayeulizia magunia, mara ni ujumbe wa kukumbusha mkopo. Lori linapofika langoni na pesa taslimu, wengi huuza karibu mavuno yote kwa bei ya siku hiyo. Miezi michache baadaye hurudi dukani kununua unga kwa bei ghali.

Hasara hii hulaumiwa madalali, serikali na uhaba wa maghala. Lawama hizo zina ukweli. Hata hivyo, kuna sababu nyingine ambayo haitajwi katika mikutano ya wakulima: uamuzi wa msimu mzima mara nyingi hufanywa na akili iliyochoka na isiyotulia. Mkulima anayetenga pesa za dawa ya kuhifadhi nafaka anafaa pia kutenga dakika kumi kila siku za kuituliza akili hiyo.

Njia yenyewe huitwa tafakuri, na jina hilo huwapotosha wengi. Mtu hudhani anatakiwa kuwaza zaidi, ilhali anatakiwa kuyapumzisha mawazo. Hakuna ada wala vifaa. Mtu huketi kwenye kiti au kigoda, mgongo ukiwa wima, akafumba macho au kutazama chini, kisha akaifuatilia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Muda si muda akili itakimbilia deni au bei ya mbolea. Hapo ndipo wengi husema wameshindwa na kuacha. Kumbe kazi ndiyo hiyo: kutambua kwamba akili imetoroka na kuirudisha kwenye pumzi bila kujilaumu, hata ikibidi mara hamsini. Fahali wa kulima hazoei nira kwa siku moja.

Anayeanza atosheke na dakika tano, aongeze hadi kumi baada ya wiki mbili. Wakati unaofaa ni alfajiri kabla ya kushika simu, au mara tu baada ya kukamua ng'ombe. Muhimu ni kuifanya saa ile ile kila siku, kwani jambo lisilo na saa yake humezwa na mengine.

Wapo wanaopinga kwamba hili ni jambo la dini za mashariki. Ni kweli mizizi yake iko katika Ubuddha na Uhindu. Lakini mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya aina hii katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa, bila kumtaka yeyote abadili imani yake. Mwislamu hubaki na swala zake, na Mkristo na maombi yake. Mwaka 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga Desemba 21 kuwa Siku ya Tafakuri Duniani.

Wengine huuliza kama kuna ushahidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine ulikusanya majaribio 47 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500. Ulionyesha kwamba tafakuri huleta nafuu ya kiasi kwa wenye wasiwasi, huzuni nzito na maumivu. Haukupata ushahidi kwamba inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Basi anayeinadi kama tiba ya kila kitu anadanganya. Aliyekosa usingizi kwa majuma mengi, au anayewaza kujitoa uhai, aende hospitalini. Naye anayeona kimya kinamwamshia kumbukumbu chungu asijilazimishe.

Tafakuri hailipi deni wala haishushi bei ya mbolea. Inachoweza kumpa mkulima ni nafasi ndogo kati ya habari na uamuzi. Katika nafasi hiyo anaweza kujiuliza maswali ambayo pupa humnyima: Karo inahitaji magunia mangapi? Chakula cha nyumbani ni mangapi? Yatakayobaki yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 ili yahifadhiwe bila kuoza? Anayejibu maswali hayo anaweza kumuuzia dalali magunia kumi badala ya hamsini, na yaliyosalia yakangoja bei ipande.

Vyama vya ushirika na vile vya akiba na mikopo tayari huwafundisha wanachama kuweka hesabu za pesa. Havitapoteza chochote vikianza kila mkutano kwa dakika tano za kimya na kuwaonyesha wanachama jinsi ya kuendelea nyumbani, hasa kabla ya msimu wa mavuno. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na mkulima aliyeuza ghala zima kwa asubuhi moja anaweza kuihesabu hasara ya haraka hiyo kwa magunia ya kilo 90.