SHERIA NYUMBANI: Korti si ya matajiri peke yao



Kwenye foleni ya mgao tunasikia sana: "Mkimbizi atamshitaki nani? Wakili atamlipa na nini?" Hebu tukumbushane. Desemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Wenzetu wa Nairobi hawakwenda kila mtu kivyake. Waliungana na Kituo Cha Sheria, shirika linalotetea wasio na uwezo, wakaingia Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji Majanja aliifuta amri ile.

Na pesa je? Katiba ya 2010, kifungu cha 22, inaruhusu mtu kudai haki kwa niaba ya kundi, na kufungua kesi ya namna hiyo hakulipiwi ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo inamtaja mkimbizi kati ya wanaoweza kuomba msaada.

Ila kesi ya deni au ya mshahara uliozuiwa ina taratibu zake. Basi tuulize mapema, tutunze karatasi zetu, tuandike majina ya mashahidi. Na anayetaka "kitu kidogo" ili akufikishe kwa wakili wa bure, huyo mkatae.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.