Hiyo si ö

Kila mtu anapofungua kabati la idara na kutoa disketi za zamani, hakosi kupewa shauri lilelile: "Toa data, programu iache." Hata mimi nililiamini shauri hilo hadi mwaka jana. Leo naona ni shauri baya, na ninaogopa kwamba limekwisha kutuharibia kazi bila sisi kujua.

Nieleze lililonipata. Mzee mmoja aliyestaafu, ambaye wengi wetu tulipitia mikononi mwake, alinikabidhi disketi sita. Nne zilifunguka. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya lugha moja ya mashariki mwa nchi, yenye irabu saba na toni, maneno zaidi ya elfu mbili aliyoyakusanya vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina la lugha silitaji kwa sababu mwenye kazi bado anataka kuichapisha. Wazee wanne ndio waliompa maneno hayo, na sasa amebaki mmoja. Nilitaka kuitumia kamusi hiyo katika kazi yangu ya kumaliza masomo.

Mzee alikuwa ameiandika kwa Shoebox, programu ya SIL iliyotumika kwenye kompyuta za DOS. Jina lake maana yake ni sanduku la viatu, kwa kuwa wanaisimu walizoea kuhifadhi vikaratasi vyao vya maneno katika masanduku hayo. Uzuri wake ni kwamba haikuficha kitu. Faili zake ni maandishi matupu, kila mstari una alama yake mbele: \lx kwa neno lenyewe, \ps kwa aina ya neno, na kuendelea. Kwa hiyo shauri la "toa data" lilionekana sawa kabisa. Faili ya namna hiyo hufunguka popote.

Ilifunguka, ila ilikuwa imechafuka. Katika tafsiri za Kifaransa, "mère" ilikuwa "mŠre", na kila é imekuwa kitu kama mkato. Hilo si kubwa, Kifaransa tunakijua. Ubaya ulikuwa katika maneno ya lugha yenyewe: í imekuwa ¡, ú imekuwa £, na á haikuwepo kabisa, pana nafasi tupu. Sababu ni rahisi. Kompyuta huhifadhi namba tu, na kila mfumo una jedwali lake la kugeuza namba kuwa herufi. Katika DOS namba 160 ni á. Katika jedwali la Windows la Ulaya Magharibi namba hiyohiyo ni nafasi. Yaani katika lugha ya toni, kila a yenye toni ya juu ilikuwa imefutika mbele ya macho yangu.

Dawa yake inajulikana. Unaiambia kompyuta kwamba maandishi haya yaliandikwa kwa jedwali la DOS, inageuza yote kwa mara moja. Nikafanya hivyo, na kamusi ikanyooka: á, é, í, ó, ú, tena na ö na ë, ô na ê. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa njiani. Nikaamua kwamba ö na ë ni njia ya Mzee ya kuandika irabu za wazi, na kwamba ô na ê ni o na e za kawaida zenye toni inayoshuka, kwani ndivyo tulivyofundishwa kuisoma alama hiyo. Nikaandika kurasa kumi na moja juu ya toni inayoshuka katika lugha hiyo. Nikazichapisha, nikampelekea.

Alisoma mbili, akavua miwani. "Mwanangu, hiyo si ö. Na hii nyingine si ô." Nikamwonyesha faili. Akasema kwamba kwenye skrini yake hakuwahi hata siku moja kuona ö.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimeiona kazi yake. Nilihitaji kuona skrini yake, si faili yake. Lakini Shoebox ya DOS ni programu ya biti 16, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za aina hiyo. Windows 11, iliyotoka 2021, inatolewa kwa biti 64 tu. Ukibofya, unapata ujumbe wa kukataliwa, basi. Njia iliyobaki ni emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani nzima, na kichakato chake, kadi yake ya skrini na kibodi yake. Nilitumia DOSBox, ambayo ipo tangu 2002 na ilitengenezwa hasa kwa ajili ya michezo. Waliotaka kuendelea kucheza michezo ya utoto wao wametusaidia sisi wa isimu kuliko wanavyojua.

Kazi haikuwa ngumu, ila ina vijiba vyake. Unamwonyesha DOSBox folda moja, naye anaichukua kuwa diski C. Majina ya faili yasizidi herufi nane, kisha nukta, kisha tatu. Kibodi zetu za Kifaransa zilinisumbua zaidi: nabonyeza a, inaandika q, na ule mkwaju wa kinyume ninaouhitaji kwa kila amri sikuuona nusu saa nzima. Amri "keyb fr" inaponya hilo. Nikafungua Shoebox. Kamusi ikatokea katika rangi zake za zamani, na ndani yake… ö.

Nilikuwa karibu kumhesabia Mzee usahaulifu. Kisha nikarudi kwenye disketi ya kwanza, kwa vile vifaili ambavyo sikuvinakili kwa sababu havikuwa "data". Kimoja kilikuwa faili ya BAT, mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza uliita kiprogramu cha kuchora upya herufi za skrini, na baada yake ndipo Shoebox ilifunguliwa. Katika DOS herufi za skrini ni vipicha vilivyowekwa kwenye kadi ya skrini, na mtu aliweza kuweka vyake. (Mfuate utaratibu: "keyb fr" nayo huleta herufi zake, kwa hiyo itangulie, isije nyuma.) Nikaiendesha ile BAT. ö ikawa ɔ, ë ikawa ɛ, ô ikawa ɔ yenye toni ya juu, ê ikawa ɛ yenye toni ya juu. Toni inayoshuka haikuwepo. Kurasa zangu kumi na moja zikafa pale pale.

Kwenye faili, ɔ ya Mzee ni namba 148, nayo katika jedwali la DOS ni ö. Hakuna neno lolote ndani ya kamusi linalosema vinginevyo. Ujuzi huo ulikaa katika kifaili kingine, na ulionekana pale tu programu yote ilipofanya kazi kama alivyoiacha. Anayedhani ni jambo dogo aangalie Kilingala, ambacho wengi wetu tunakisikia kila siku: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ndio moto unaounguza. Barabarani muktadha unatosha. Katika kamusi neno limesimama peke yake, halina muktadha wa kuliokoa. Tena maandishi yaliyochafuka si ya kuogopwa sana, maana kila mtu anaona yamechafuka. Ya kuogopwa ni yale yaliyonyooka kimakosa.

Najua majibu. Mwenzangu mmoja aliambiwa wakati wa kutetea kazi yake kwamba mambo haya ni ya watu wa informatiki. Sikubali. Anayejifunza hati za Kiarabu ili asome barua za kale za Kiswahili, ambamo herufi moja husimama kwa sauti zaidi ya moja, hatumwambii kwamba amehama isimu. Namba 148 ni hati vilevile.

Jibu la pili lina nguvu zaidi: emuleta nazo huzeeka. Ni kweli. macOS Catalina ya 2019 ilipokataa programu zote za biti 32, emuleta zilizokuwa zimetengenezwa kwa biti 32 zilikwenda nazo. Ndiyo maana sisemi kamusi zibaki ndani ya DOSBox. Yangu nimeihamishia Unicode, na juu ya faili nimeandika kila namba nimeigeuza kuwa herufi gani na kwa nini. Lakini nimehamisha baada ya kuona. Ninachoomba kwa idara ni kidogo: disketi inakiliwe nzima, pamoja na takataka zake; programu iendeshwe hata mara moja kabla ya kugeuza chochote, na skrini ipigwe picha; na sura inayoeleza kazi hiyo ihesabiwe kuwa sura ya isimu.

Mtaniambia kwamba Mzee alikuwepo, angenieleza bila emuleta. Ndiyo. Ila katika kabati lile nimehesabu disketi za watafiti wengine watatu, na wawili kati yao tumekwisha kuwazika. Moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "toni, usifute".

Kisoma disketi cha USB ninacho. Kila Jumatano mchana niko katika chumba cha kusomea, umeme ukiwepo.